Kichwa cha besi kilichokufa nusu: historia fupi ya priamplifaya

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nyumbani Masimba, kule Masaba Kusini katika kaunti ya Kisii, ambako baridi ya jioni inaweza kukusahaulisha kwamba ikweta iko karibu. Nilikwenda kupumzika na kompyuta. Nimerudi Nairobi na vidole vyenye harufu ya risasi ya kuchomelea, na hadithi hii.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba mimi si fundi wa redio. Nilisoma sayansi ya kompyuta na riziki yangu ni kuandika programu. Lakini nyumbani ukishasoma kitu chenye waya, basi umesomea waya zote za duniani. Ndiyo maana mjomba aliponiona nikishuka kwenye matatu hakungoja hata nimalize kumsalimia.

"Mpwa wangu, wewe si ulisomea mitambo?"

"Nilisomea kompyuta, mjomba."

"Kwani kompyuta si mtambo?"

Ningejibu nini hapo? Mjomba hupiga gita la besi katika kikundi cha benga kinachocheza kwenye harusi na harambee za huku kwetu. Amplifaya yake ni ile aina ambayo wanamuziki huiita kichwa: kisanduku chenye vitufe ambacho huwekwa juu ya spika, nayo spika iko kwenye kabati lake peke yake. Kilikuwa kimekufa. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini spika kimya. Fundi mmoja wa Keroka alikuwa amemwambia transista za upande wa nguvu zimeungua, na bei aliyotaja ilikaribia ile ambayo mjomba alinunulia kichwa chenyewe kikiwa mtumba. Mjomba alikuwa ameanza kukiita chuma chakavu.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee ya karo ya binti wa ukoo aliyeitwa chuo kikuu. (Jumapili, maana Jumamosi wengi wa kwetu wako kanisani.) Kikundi kilikuwa kimekubali kucheza bure. Jirani alikuwa na amplifaya kubwa ya nguvu na spika mbili, naye alikubali kuzitoa bure pia. Kilichokosekana ni besi tu. Walipochomeka gita la mjomba moja kwa moja kwenye ile amplifaya ya jirani, sauti ilitoka nyembamba na hafifu, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya blanketi. Wazee wakaanza kusema tukodi mitambo Kisii mjini. Sasa fikiria mwenyewe: kila shilingi ya kukodi mitambo ni shilingi inayotoka kwenye karo ya yule binti.

Swali lililonikalia kichwani usiku ule lilikuwa hili: kwa nini amplifaya kubwa vile, yenye nguvu ya kutikisa mabati, ishindwe kulipaza gita moja? Jibu linapatikana kwenye historia, na historia yenyewe haianzi na muziki. Inaanza na simu.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza valvu aliyoiita Audion, kichupa cha kioo kama balbu chenye vipande vitatu vya chuma ndani yake. Umeme mdogo ukiingia kwenye kipande cha katikati uliweza kutawala umeme mkubwa zaidi unaopita kati ya vile viwili vingine. Waliokihitaji sana kifaa hicho walikuwa watu wa simu. Sauti iliyotembea kwenye waya mrefu ilififia njiani mpaka ikazimika, kwa hiyo kampuni ya AT&T ilinunua haki za matumizi ya Audion, wahandisi wake wakaiboresha, na mwaka 1915 laini ya simu kutoka New York mpaka San Francisco ikazinduliwa. Njiani mliwekwa amplifaya za kuipa sauti nguvu upya kila ilipochoka.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo sisi watengenezaji wa programu tunalipenda kupita kiasi, yaani makubaliano ya mpakani. Ukitaka mtambo wa kampuni hii uzungumze na mtambo wa kampuni ile, lazima mkubaliane kiasi cha ishara kinachovuka kutoka huku kwenda kule. Watu wa simu na redio walichukua miliwati 1 katika ukinzani wa omu 600 kuwa kipimo chao, na hiyo ni volti 0.775. Mwaka 1939 maabara za Bell pamoja na mashirika ya utangazaji CBS na NBC walikubaliana juu ya mita moja ya kupimia sauti kwa msingi huo. Mitambo ya kisasa ya studio na jukwaa bado inahesabu kutoka pale pale. Kiwango chake cha kawaida ni kama volti 1.23, na kiwango cha vifaa vya nyumbani ni kama volti 0.32. Kwa lugha yetu ya programu, hicho ndicho kiolesura. Ukikiheshimu, huna haja ya kujua kilichomo ndani ya kisanduku cha mwenzako.

Sasa gita halikuwepo kwenye kikao hicho. Sumaku za gita la besi lisilo na betri hutoa kipande kidogo tu cha volti ukipiga kwa upole, na zinaweza kuruka juu ghafla ukichapa uzi kwa nguvu. Zaidi ya hapo, sumaku hizo haziwezi kubeba mzigo. Zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu omu milioni 1. Amplifaya ya nguvu ya jukwaani ina mlango wa omu kama 10,000 au 20,000. Gita likichomekwa hapo hulemewa, sauti za juu hupotea, na kilichobaki ni kile cha blanketi. Ndiyo maana inahitajika mashine ya kati inayoipokea ishara ya gita kwa upole, inaipandisha, inairemba kwa vitufe vya besi na trebo, kisha inaikabidhi ikiwa katika kiwango kinachokubalika. Mashine hiyo ndiyo priamplifaya.

Basi ni nani aliyeificha ndani ya kisanduku kimoja na amplifaya ya nguvu? Hapo tumfuate Leo Fender wa California. Mwaka 1951 alitoa gita la besi la umeme lililoitwa Precision Bass, na mwaka 1952 akatoa amplifaya ya kuliandama, Bassman. Uzi mnene wa gita hilo hutoa sauti ya hezi 41 hivi, chini kuliko redio nyingi za wakati ule zilivyoweza kufika. Mwanamuziki alitaka kitu kimoja cha kubeba, kwa hiyo priamplifaya, amplifaya ya nguvu na spika vyote vikawekwa pamoja. Baadaye muziki ukazidi kelele na spika zikazidi uzito, ndipo spika ikapewa kabati lake na umeme ukabaki kwenye kisanduku cha juu. Kichwa kikazaliwa. Huko London, Jim Marshall na mafundi wake waliichukua Bassman kama kielelezo cha amplifaya yao ya kwanza, JTM45, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kumbe hata ile ngurumo ya gita la roki inayosifiwa dunia nzima ina ukoo na besi!

Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT, kichwa cha besi cha wati 300 chenye valvu 14 na uzito wa karibu kilo 40. Ukikifungua unakuta sehemu mbili za chuma zilizotengwa, priamplifaya juu na amplifaya ya nguvu chini, zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Yaani ni wapangaji wawili chini ya paa moja, kila mmoja na chumba chake.

Wakati huo huo wapangaji hao walikuwa wameanza kuhamishana. Transista ilikuwa imevumbuliwa katika maabara za Bell mwezi Desemba 1947, na kufikia 1967 kampuni ya Crown ilikuwa inauza DC300, amplifaya ya transista tupu yenye wati 150 kila upande. Haikuwa na kitufe cha besi wala cha trebo. Kazi yake ilikuwa moja: nipe ishara iliyokwisha kuandaliwa, mimi nitaipa misuli. Wapigaji besi wa California wakaona mwanya. Mafundi wa Alembic walichukua sakiti ya mbele ya kichwa cha Fender, wakaiweka kwenye kisanduku chake peke yake, F-2B, na kuiunganisha na amplifaya kubwa za nguvu. Phil Lesh wa kundi la Grateful Dead alipiga besi kwa njia hiyo, na ule ukuta wao maarufu wa spika wa mwaka 1974 ulisukumwa na amplifaya za McIntosh. Kwa hiyo kutumia sehemu ya mbele ya kichwa na kuachia misuli mtambo mwingine si ujanja wa fukara. Waliokuwa na mitambo ghali kuliko wote jukwaani ndio waliokuwa wakifanya hivyo.

Turudi kwetu. Abagusii walikuwa na besi yao kabla ya waya kufika. Obokano ni kinanda kikubwa cha nyuzi nane, chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito kuliko ya nyatiti ya majirani zetu Wajaluo. Pale hakuna priamplifaya wala amplifaya ya nguvu. Bakuli haliongezi nguvu yoyote, linaisaidia tu nguvu ile ile ya kidole kufika hewani vizuri. Kazi ya kupokea na kazi ya kutoa ni ya ngozi moja.

Umeme ulipoingia kwenye muziki wa Kenya uliingia kwa watu kama Fundi Konde, mmoja wa wa kwanza kushika gita la umeme nchini. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound jijini Nairobi ilikuwa na bendi yake, akina Fadhili William na Daudi Kabaka wakiwemo. Huku kwetu, katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza, benga ilikuwa inakua. D. O. Misiani na Shirati Jazz waliipeleka mbali, na kwa Ekegusii tulikuwa na Christopher Monyoncho. Katika benga besi haikai nyuma kama mlinzi wa lango. Inakimbia, inajibizana na gita la mbele, na mchezaji anaisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Benga bila besi ni kama ugali bila mboga: utakula, lakini hutasimulia.

Sasa mniruhusu niungame. Nilipokuwa chuoni niliwahi kujaribu jambo hili hili nikaunguza amplifaya ya watu. Nilikuwa na kichwa kizima, nikachukua waya kutoka tundu la spika nikauchomeka kwenye mlango wa amplifaya ya nguvu. Kwa akili yangu, sauti ni sauti. Hesabu ambayo sikuipiga ni hii: wati 300 kwenye omu 8 ni volti karibu 49. Mlango wa amplifaya ya nguvu hutosheka na volti 1 hivi. Nilikuwa nimemwagia mtu ndoo nzima ya uji wakati ameomba kijiko. Moshi ulitoka, na nililipa deni lile kwa mihula miwili. Siku ile nilijifunza kwamba tundu mbili zinaweza kufanana sura kabisa na zisiwe na uhusiano wowote. Tundu la spika haliendi popote isipokuwa kwenye spika. Zile amplifaya za makanisani na mikutanoni zenye tundu la volti 100 la kulishia honi za mbali ni hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda taratibu. Kwenye programu, ukipata hitilafu usiyoielewa unaigawa kazi nzima katikati na kuuliza ubovu uko upande gani. Nyuma ya kichwa cha mjomba palikuwa na tundu lililoandikwa PREAMP OUT. Hapo ndipo mtengenezaji alipoacha mlango kati ya wale wapangaji wawili. (Kwenye vichwa vingine huandikwa SEND, na vingi vina pia tundu la pini tatu la kupelekea mikisa.) Nilichukua waya nikaunganisha tundu hilo na sabufa ya mama sebuleni, sauti ikiwa imeshushwa hadi mwisho. Nikapandisha kidogo kidogo. Mjomba akagusa uzi.

Besi ikatoka! Mama akaja mbio kutoka jikoni kuuliza ni nani anahamisha makabati.

Nusu ya mbele ilikuwa hai. Aliyekufa ni mpangaji wa nyuma tu. Tulirudi kwa yule fundi wa Keroka, safari hii tukimwomba kazi ndogo: autenge upande uliokufa na umeme wake ili usiendelee kupata moto bure. Kazi hiyo sikuigusa mimi, nawe usiiguse kama hukuisomea. Kapasita za ndani huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Mimi nilichomelea waya tu: plagi ya milimita 6.35 upande mmoja na plagi ya pini tatu upande wa pili, ishara kwenye pini ya 2, na pini ya 3 ikifungwa pamoja na ya 1.

Mambo mengine ya kukumbuka ukitaka kufanya hivi ni machache. Kama kichwa chako ni cha valvu na upande wake wa nguvu ni mzima, usikiwashe bila spika, hata kama unatumia tundu la priamplifaya peke yake, mpaka kitabu chake kikuruhusu. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua kwa kukosa mzigo. Vichwa vya transista kwa kawaida havina shida hiyo. Washa priamplifaya kwanza na amplifaya ya nguvu mwisho, na wakati wa kuzima anza na ya nguvu, la sivyo spika itapigwa kofi. Angalia pia kama kitufe kikubwa cha sauti cha kichwa kiko kabla au baada ya tundu unalotumia, maana kwenye vichwa vingi kiko baada, na utakizungusha mpaka kesho bila kubadilisha kitu.

Jumapili ilifika. Tulipowasha mara ya kwanza kulikuwa na mngurumo mzito wa hamsini hamsini, ule wa umeme wa nyumbani. Wazee wakaangaliana. Nikagundua kwamba kichwa kilikuwa kimechomekwa kwenye ekstensheni ya upande wa jikoni, na amplifaya ya jirani kwenye ile ya sebuleni. Tulipoviweka vyote kwenye ekstensheni moja mngurumo ukapungua hadi ukawa wa kuvumilika. Nilianza na sauti sifuri nikapanda polepole. Spika za jirani zilikuwa za inchi 15, kwa hiyo ziliiweza besi. Zingekuwa honi za mikutano ningekataa, kwa sababu honi haziwezi hezi 41 hata ukiziombea.

Kikundi kikacheza mpaka jua likazama nyuma ya migomba. Hakuna shilingi iliyokwenda Kisii mjini kukodi mitambo. Mwenye kuendesha harambee alitaja jumla ya pesa, watu wakapiga makofi, na yule binti sasa anaendelea na masomo. Sisemi besi ndiyo iliyomlipia karo. Nasema tu kwamba fungu lake halikukatwa ili kupisha kelele zetu.

Siku hizi vichwa vipya vya besi vya wati 500 vina uzito wa chini ya kilo 3, na wapangaji wawili wamebanwa kwenye ubao mmoja mdogo. Ni maendeleo, sikatai. Lakini vingi havifungukiki kwa bisibisi ya fundi wa Keroka, na baadhi yake tundu la spika halina upande uliofungwa kwenye ardhi, kwa hiyo kosa langu la chuoni lingeunguza mitambo yote miwili badala ya mmoja. Ukinunua, geuza kichwa nyuma kwanza. Kikiwa na tundu la priamplifaya, umenunua mashine mbili, na siku moja ikifa utabaki na nyingine.

Mjomba hakitaji tena kichwa chake kuwa chuma chakavu. Amebandika utepe mweusi juu ya tundu la spika ili mtu asiligeuze kuwa moshi, na juu ya utepe ameandika kwa kalamu neno moja: MAREHEMU.

Haya, wasomaji wangu, tukijaliwa wiki ijayo tutarudi kwenye programu.